Kanda Isiyo na Dramu

Tulimzika Bwalya kule Nakonde, upande wa pili wa mpaka, siku ya upepo mkali wa Agosti, na pale makaburini kijana mmoja alinikazia macho muda mrefu kabla ya kunisogelea. Alikuwa amevaa fulana nyeusi yenye picha ya marehemu. Alinisalimia kwa adabu, kisha akauliza kama mimi ndiye yule mwanamke wa kwenye kava ya kanda. Nikamwambia ndimi. "Nyumbani kwetu tulijua ni mke wake," akasema. "Hapana, mwanangu. Tulikuwa bendi moja. Mimi nilikuwa napiga dramu." Akakunja uso, akawa kama anazipitisha zile nyimbo kichwani mmoja baada ya mwingine, halafu akasema kwa upole, kama mtu anayemrekebisha bibi yake aliyeanza kusahau, "Lakini mama, kanda ile haina dramu."

Ni kweli, haina. Watu waliolizunguka kaburi waliziimba nyimbo zile bila kutazama popote, wengine wakiwa wamezaliwa miaka mingi baada ya sisi kuzirekodi. Walijua mahali pa kuvuta pumzi, walijua mahali Shabani, mwimbaji wetu, alipoishusha sauti ikawa karibu na kunong'ona. Mimi nilisimama katikati yao nimejifunga kitenge, na kumtoa Shabani mwenyewe, ndimi niliyekuwepo wakati kila wimbo unaingizwa kwenye mashine. Nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho. Sisikiki hata mahali pamoja.

Wakati huo Songwe ilikuwa bado haijawa mkoa, tulikuwa watu wa Mbeya. Namna nilivyotoka kijijini Ibaba nikaishia Tunduma haina kazi hapa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nina chumba mtaa wa Majengo chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni ya madereva. Asubuhi mikono yangu ilikuwa ndani ya maji ya sabuni, alasiri ilishika fimbo. Dramu nilijifunza kanisani, nikaendelea nazo kwenye stoo ya gereji moja mtaa wa Mwaka, kati ya matairi yaliyokufa na madumu ya oili chafu, pamoja na watu wawili waliokuwa ndugu zangu pekee mjini. Bwalya alipiga gitaa la umeme na kutunga nyimbo. Shabani, aliyezaliwa kwenye nyumba ya wafanyabiashara waliotoka Kigoma, alipiga besi na kuimba. Tuliitwa Breki za Upepo, kwa ajili ya ule msonyo wa breki za malori yanaposimama kwenye foleni ya forodha, na muziki wetu ulikuwa roki. Tuliupata kwenye kaseti zilizovuka kutoka Zambia, zilizonakiliwa mara nyingi hadi gitaa likawa na sauti ya msumeno, nasi tukadhani ndivyo gitaa linavyotakiwa kulia. Bendi za dansi za mjini zilitucheka. Ila madereva waliokwama kwenye foleni walikuja gereji, wakakaa juu ya matairi na chupa zao za soda, na ninachokumbuka zaidi ni vichwa vyao vikiitika kila nilipokanyaga ile dramu kubwa. Nilikuwa mtu mfupi, mwembamba, wa kufua mashuka, na watu wazima wanaoendesha malori walikuwa wakiitika kwa mguu wangu.

Seti ile ya dramu aliileta Mulenga, mdogo wake Bwalya. Naye alikuwa dereva, safari zake zilikuwa za Kitwe, na siku moja alikuja nayo imefungwa kwa kamba juu ya shehena yake, ikiwa na vumbi la nchi nzima. Alikuwa na mdomo mpana na kicheko cha haraka, na ndiye pekee aliyekuwa akiniomba nipige peke yangu, bila gitaa. "Ba Tuse, wape," alikuwa akisema, kwa ile "Ba" yao ya heshima, na mimi nawapa.

Alikufa wakati wa masika. Lori lake lilipinduka kwenye mteremko, si mbali na mji. Wengine walisema usingizi, wengine walisema breki. Tulikuwa gereji tunafanya mazoezi, mvua inapiga bati, na nilipoinua macho mwisho wa wimbo nilimwona utingo wake amesimama mlangoni, matope hadi magotini, hana kofia. Hakusema kitu nilichokisikia. Bwalya alilaza gitaa sakafuni bila kulizima, akatoka naye mvuani, na lile gitaa likabaki linavuma lenyewe hadi Shabani alipokwenda kuchomoa waya. Hayo ndiyo niliyoyaona. Miaka yote nilidhani hayo ndiyo yote yaliyotokea.

Baada ya msiba Bwalya alikaa Nakonde muda mrefu. Jina la bendi halikutamkwa tena. Hakuna aliyelikataza, ila mtu angelitamkaje mbele yake? Aliporudi gereji alikuja na gitaa kavu, lile lisilohitaji umeme, akaketi juu ya tairi na kuanza kupiga kitu cha polepole ambacho sikujua kama alikuwa nacho. Kilikuwa kama mtu anayetembea ndani ya nyumba usiku asitake kuamsha wenzake. Shabani aliinama kusikiliza. Mimi nilishika fimbo, nikatafuta pa kuingilia, nikagusa toazi kidogo tu kwa ncha. Bwalya hakuacha kupiga, alitikisa kichwa. "Awe, hapana, Ba Tuse. Subiri kwanza. Sikiliza tu." Nikaweka fimbo mapajani. Sikujua kwamba lile neno "kwanza" lingemaliza mwaka.

Juni tulikwenda Vwawa kurekodi. Fundi Gidioni alikuwa mtu wa redio aliyeacha kazi na kugeuza stoo ya kahawa kuwa chumba cha kurekodia: kuta zimetundikwa magunia, dari imebandikwa trei za mayai, na harufu ya kahawa mbichi haikutoka humo hata ulipofungua mlango siku nzima. Kulikuwa na baridi ya kule juu, ukungu unakaa kwenye mibuni hadi karibu na saa nne asubuhi, na watu wanatembea wamejifunika mablanketi. Nilikuwa nimeifunga seti yangu vizuri, kila kipande kwenye shuka kuukuu la nyumba ya wageni, nikaipanga kwenye kona aliyonionyesha. Fundi aliniambia nipige. Nikapiga. Akanyoosha mkono nisimame, akasogeza maikrofoni, nikapiga tena, akaisogeza hadi karibu na mlango. Mwishowe akavua visikilizio akasema, "Chumba hiki hakimtoshi huyu dada. Dramu zinakula kila kitu." Shabani alimtazama Bwalya. Bwalya alikuwa anakaza uzi wa gitaa. "Tuanze na zile ambazo hazihitaji dramu," akasema, "halafu tutaona." Nikazifunga tena dramu zangu kwenye mashuka, isipokuwa kiti, kwa sababu nilihitaji mahali pa kukaa.

Nilikaa. Kila asubuhi tuliingia, Fundi akafunga mlango, wao wawili wakakaa wakitazamana, magoti karibu yagusane, na mimi kwenye kiti changu kwenye kona. Siku ya kwanza Fundi alilalamika kuna kitu kinagonga. Ulikuwa mguu wangu. Nikavua viatu. Bado akasikia, nikaweka gunia chini ya miguu, na tangu hapo sikusikika. Sitaki mtu afikiri nyimbo zile hazikuwa nzuri. Nilikuwa wa kwanza duniani kuzisikia, na kuna mmoja ulinifanya nigeukie ukuta nisionekane. Lakini mwili wangu ulikuwa umezoea kuwa ndani ya muziki, na sasa ulikuwa nje, hatua chache tu, kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake na anawaona wenzake mezani kupitia dirisha.

Mchana nilipika. Hakuna aliyeniomba, nilianza kwa sababu wao walikuwa wanachoka nami sikuwa nimechoka. Nyuma ya stoo palikuwa na jiko la mkaa, na mke wa Fundi, Mama Eliza, alinipa sufuria. Nilipika maharage na viazi, siku nyingine dagaa wa kapenta kwa nyanya nyingi kama Bwalya alivyopenda, na ugali laini kidogo kwa sababu yeye kwao aliuzoea hivyo. Siku moja Mama Eliza, akimenya vitunguu karibu yangu, aliniuliza bila ubaya wowote, "Hivi, mwanangu, wanakulipa vizuri kwa kazi hii ya upishi?" Nikamwambia mimi ni mpiga dramu. Akaacha kumenya. "Dramu zenyewe ziko wapi?" Nikamwonyesha kwa kisu mahali zilipolala ndani ya mashuka, chini ya paa la nyuma, kuku wawili wamezikalia. Mama yule alikwenda akawafukuza wale kuku, akafunika zile dramu kwa turubai, akarudi kumenya vitunguu, na hakuniuliza tena. Nimekutana na wema mwingi tangu hapo, lakini ule wa kufukuza kuku nimeutunza.

Magunia hayazuii maneno. Alasiri moja nilikuwa nje nachambua mchele, nikamsikia Fundi anauliza ndani, "Yule dada mmemwambia?" Shabani akasema, "Bado." Fundi akasema, "Mwambieni. Anakaa pale kama mtu anayesubiri basi lililokwisha pita." Nilisubiri Bwalya aseme kitu. Nilisimama na ungo mkononi. Nikasikia akipiga uzi mmoja, akaukaza, akaupiga tena, halafu akasema, "Turudie ule wa pili." Wakarudia ule wa pili. Nikamaliza kuchambua mchele. Nilijiambia kwamba watakaponiambia nitawajibu, na majibu nilikuwa nayo mengi; niliyapanga usiku kwenye chumba cha Mama Eliza, nikilala ubavu kwa ubavu na binti zake. Lakini hawakuniambia. Siku zikapita, nyimbo zikaisha, Fundi akazima mashine, na hakuna aliyetamka kwamba tumerekodi kanda nzima bila mimi.

Picha ya kava tulipiga asubuhi ya kuondoka, mbele ya ukuta wa stoo. Mpiga picha alikuwa jamaa wa mjini mwenye haraka. Nilisimama pembeni, nikijua katikati si pangu, lakini Bwalya akanivuta kwa mkono, akaniweka katikati. "Hapa, Ba Tuse," akasema. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, nikaona amekonda, na macho yake yalikuwa yanataka kusema kitu. Mpiga picha akatuambia tutazame mbele. Ndiyo maana kwenye kava ile Shabani anacheka, Bwalya anatazama chini, na mimi nina uso wa mtu aliyeitwa ghafla.

Kanda ilipotoka ilikwenda haraka kuliko tulivyofikiri. Ilisikika kwenye maduka ya Tunduma, kwenye malori, kwenye saluni, na wale madereva waliokuwa wakiitikia mguu wangu sasa walikaa kimya kwenye foleni wakisikiliza. Mashabiki wachache wa zamani walilalamika: roki imekwenda wapi, ninyi mmeokoka? Wengi hawakujua kama kulikuwa na zamani. Ukaja mwaliko wa kwenda kupiga kwenye miji ya migodi ya Copperbelt, Zambia, na siku ya safari Bwalya aliniomba nifike stendi ya Nakonde. Nilimkuta amesimama karibu na basi, gitaa lake kavu mgongoni, kayamba mkononi.

"Twende, Ba Tuse," akasema. "Nimekukatia nafasi."

"Nikafanye nini?"

Akaitazama ile kayamba kama aliyeikuta mkononi mwake bila kujua imefikaje. "Utaitikia na Shabani. Utapiga hii, kidogo kidogo."

"Bwalya, mimi si mpiga kayamba."

"Najua. Uwe tu na sisi."

"Nilikuwa na ninyi Vwawa," nikamwambia. "Nimeshakuwa na ninyi."

Kondakta aliita, Shabani alishuka akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Dada, njoo," sauti yake ikiwa karibu na kulia, na mimi nikamwambia awahi nafasi ya dirishani. Basi liliondoka. Nilivuka mpaka kwa miguu, nikapita gereji ya Mwaka, nikamwomba kijana wa mkokoteni anipelekee dramu zangu chumbani. Zilijaa chumba kizima. Miezi ile iliyobaki ya mwaka nililala nimekunja miguu ili nisiguse ile dramu kubwa, na sikuzipiga, kwa kuwa ukuta ulikuwa mwembamba na jirani alikuwa na mtoto mchanga. Nilirudi kutoka kufua, nikapika cha mtu mmoja, nikala nikizitazama. Nikisikia kanda yetu kwa jirani nilitulia hadi iishe. Kuna upweke wa kukosa watu, huo niliuzoea. Huu ulikuwa wa kuwasikia watu wako ukutani kila jioni, wakiimba vizuri, wakiwa wamekamilika.

Baadaye dramu zilikwenda kanisani, mtaa wa Sogea, nami nikaenda nazo, na huko niko hadi leo. Niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume. Bwalya na Shabani walirekodi tena, wakazunguka, wakazeeka, Shabani akarudi kwenye biashara ya mchele wa Kamsamba. Nilipokutana na Bwalya sokoni tulisalimiana kwa maneno mengi: watoto, mvua, bei ya mahindi. Aliniuliza kila mara, "Bado unapiga?" Nikimjibu ndiyo, uso wake ulilegea kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Nilikuwa nikiichukia ile namna ya kulegea. Niliona ni ya mtu anayejifariji.

Siku ya mazishi Shabani alinisindikiza kurudi mpakani. Anatembea kwa fimbo sasa, ndevu nyeupe, kanzu imeshika vumbi. Tulipita kando ya foleni ya malori, na nilimwuliza kile ambacho sikuwahi kumwuliza yeyote kati yao: kama walikuwa wamekubaliana kabla ya kwenda Vwawa.

"Tulikubaliana," akasema. "Nisikudanganye, dada. Chumba kilikuwa kisingizio."

"Kwa nini basi mlinibeba?"

Akasimama, akaegemea tairi la lori moja. "Unamkumbuka yule utingo wa Mulenga?"

"Namkumbuka mlangoni."

"Hakuwa ndiyo kwanza amefika wakati ule. Alikuwa amegonga lile geti la bati muda mrefu. Alizunguka nyuma, akagonga ukuta kwa jiwe. Sisi tunapiga. Tukamaliza wimbo mmoja, tukaunganisha na mwingine. Mulenga alikuwa hospitali, anaongea, anamwita kaka yake. Bwalya alipofika, daktari alikuwa anatoka chumbani." Akafuta macho kwa kiganja. "Tangu siku hiyo akisikia dramu alikuwa anasikia lile geti. Aliniapisha nisikwambie. Alisema, Tuse akijua, hatashika fimbo tena maisha yake yote. Bora anichukie mimi."

Nilimwambia kwamba hata gitaa lilikuwa likipiga kelele, hata yeye mwenyewe alikuwa anaimba kwa nguvu zake zote, na mvua juu ya bati. "Ndivyo nilivyomwambia," Shabani akasema. "Alijua. Kujua hakukumsaidia." Malori yalisogea, tukasogea nayo. Tulipoagana upande wa Tanzania hakuna kati yetu aliyesema tutaonana, maana kila mmoja anaujua umri wa mwenzake.

Jumatatu yake nilikwenda kanisani alasiri, wakati hakuna mtu. Mwanangu alinitilia kanda ile kwenye simu, nikaiweka juu ya spika, nikaketi kwenye dramu. Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba zile nyimbo zilikuwa na nafasi yangu, kwamba kama Fundi angekuwa na chumba kikubwa, kama wangenipa siku moja tu, ningewaonyesha pa kuingilia. Niliupiga wa kwanza kwa fimbo, haukukubali. Nikautafuta wa pili kwa vidole. Wa tatu nilijaribu toazi peke yake, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani kutafuta mlango. Hapakuwa na mlango. Bwalya alikuwa ameziba kila mahali kwa gitaa lake, kwa uangalifu wa mtu anayefunika kitanda cha mgonjwa. Alikuwa sahihi tangu siku ile aliyotikisa kichwa. Nilitamani kumwambia hivyo, na kumwambia pia kwamba ningejua ningeendelea kupiga; kwamba alinikosea kwa kunidhani dhaifu, na kwamba nilikuwa nimemkosea kwa kumdhani baridi. Hayo yote yaliishia kwa mlezi wa kwaya aliyeingia kuchukua mwavuli wake na kuniuliza kama mimi mzima: nilimjibu tu kwamba mimi mzima, namshukuru.

Alipotoka nilizima simu. Zile nyimbo zetu za mwanzo, za gereji, hazikurekodiwa popote. Gitaa lake halipo tena, Shabani hana pumzi za kuziimba, na wale madereva sijui wako wapi. Nikahesabu kuingia, nikaupiga wimbo ule tuliokuwa tukifungulia maonyesho, wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Pale ambapo Bwalya alikuwa akipiga peke yake nilinyanyua fimbo na kusubiri, urefu uleule aliokuwa akiutumia, kisha nikaingia. Pale pa Shabani nilishusha mkono, kama zamani, ili maneno yasikike. Nje wanawake walikuwa wanapita kwenda sokoni, na kupitia dirishani nilimwona mmoja amesimama kusikiliza, ndoo kichwani. Kwake ilikuwa ni kelele ya mtu anayepiga, ananyamaza, anapiga tena. Akangoja kidogo, pengine akidhani nimemaliza, akaenda zake. Wimbo ulikuwa bado na beti mbili. Nikazipiga zote.